Mashine ya Ntinda Iliyokataa Kuwaka

Vijana wangu, mkiletewa mashine ya kukata nyasi isiyowaka, najua mtakachofanya. Mtaishika ile kamba na kuvuta. Mtavuta mpaka bega liume, mtaitukana kidogo, halafu mtavuta tena. Nawajua kwa sababu hata mimi nilianza hivyo pale Kawempe, na siku moja nilivuta kwa hasira mpaka kamba ikakatika, nikaanguka chali ndani ya beseni la oili chafu mbele ya wateja watatu. Mmoja wao alikuwa katekista wa parokia yetu. Jumapili iliyofuata alinisimamisha mlangoni mwa kanisa akaniuliza kama nimeshatakasika.

Mimi naitwa Ayikoru. Baba alikuwa polisi, mtu wa Arua, na mimi nilizaliwa na kukulia Naguru kwenye nyumba za polisi. Watoto wa makabila yote tulicheza kwenye kiwanja kimoja, tukatukanana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili hicho hicho, ndiyo maana nawaandikia kwa lugha hii. Kazi ya mashine za nyasi nimeifanya miaka thelathini na moja. Niliiacha mwaka jana, na ninyi mnaonipita njiani mkiwa na ovaroli mpya zisizo na doa hata moja mmenifanya nikumbuke mambo.

Aliyenifundisha ni mzee Barasa, Mkenya wa Busia, aliyekuwa na banda la mabati Kawempe. Kabla yake mafundi wanne walikuwa wameniambia mwanamke akae duka la vipuri auze mikanda. Barasa aliniuliza jambo moja tu, kama naogopa kuchafuka. Nikamwambia kwetu tulikuwa watoto tisa na bafu moja. Akacheka, akanipa brashi na kopo la petroli, akanionyesha lundo la vyuma vyenye masizi. Niliosha vyuma miezi mitatu kabla hajaniruhusu kushika spana.

Yeye alianza na pua, kidole na sikio. Spana alikuwa anaishika mwisho. Alinusa tangi, kwa sababu petroli iliyolala miezi mingi hunuka kama rangi ya ukuta iliyochacha, na hiyo haiwashi kitu. Alitoa plagi akaigusa kwa kidole: ikiwa kavu, mafuta hayafiki, ikiwa imelowa, mafuta yanafika lakini hayaungui. Na alisikiliza. Kuna mashine tuliwahi kuhangaika nayo asubuhi nzima, mimi na fundi mwenzangu, tumefungua kabureta mara mbili. Barasa akaja, akasikia inavyokohoa kwa unyonge, akachukua kijiti akachokonoa ekzosti. Kikatoka na udongo. Nyigu walikuwa wamejenga humo wakati mashine imekaa stoo. "Mtu kazibwa pua," akatuambia, "halafu mnamlaumu kwamba hapumui."

Nyingine ilikuwa inawaka vizuri, inakata kwa muda wa kuchemsha chai, kisha inazima. Ikipumzika, inawaka tena. Mwenyewe alikuwa ameshabadilishiwa kabureta nzima na watu wa mjini. Barasa alilegeza kifuniko cha tangi nusu mzunguko, mashine ikanguruma mpaka saa sita. Kile kitundu kidogo cha hewa kwenye kifuniko kilikuwa kimeziba kwa vumbi, basi mafuta yanashuka kidogo, tangi linavuta pumzi linakosa, yanasimama. Tulikizibua kwa sindano ya kushonea. Mteja alikasirika kuliko ambavyo angekasirika kama tungemwambia injini imekufa.

Lakini leo nataka mjue habari ya Ntinda, kwa sababu pale sikuwa na Barasa wa kumuuliza. Alikuwa amesharudi Busia kupumzika, na banda lilikuwa langu.

Ijumaa moja, saa mbili asubuhi, nilipigiwa simu na Madam Nakitende. Alikuwa na bustani kubwa Ntinda ambayo watu huikodi kwa harusi na sherehe ndogo za utambulisho. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili, nyasi zimefika katikati ya muundi, na kesho yake saa nane kulikuwa na harusi. Mashine yake ilikuwa imegoma tangu Jumatano. Vijana wa kufyeka kwa mkono walikuja wakaangalia, wakasema ni kazi ya siku mbili na bado wataiacha na mabaka kama mbuzi mwenye upele. Fundi mmoja alikuja Alhamisi, akaweka plagi mpya, akasafisha kabureta, akavuta kamba mpaka jioni. Aliposhindwa akasema petroli imetiwa maji.

Neno hilo la mwisho ndilo lililoleta balaa. Petroli ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja tu, Okot, aliyekata nyasi na kulinda geti. Okot alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka Kitgum, mrefu, ndevu nyeupe, mkubwa kuliko Madam kwa miaka kama kumi na tano. Aliishi kwenye chumba kimoja nyuma ya jiko la bustani ile. Nilipofika niliona godoro lake limeshakunjwa na kufungwa kamba, limewekwa nje ya mlango. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa juu yake, viatu vya jeshi vinang'aa, mikono juu ya magoti, akitazama mbele kama mtu aliyeambiwa asubiri gari.

Madam alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka mabuti.

"Wewe ndio fundi?"

"Ndiye mimi, nnyabo," nikamjibu kwa Kiganda, kama kusema bibi.

"Mimi nalitaka mutu ya mashine."

"Mutu ya mashine amefika," nikamwambia. "Mashine iko wapi?"

Wapishi waliokuwa wakimenya ndizi za matooke karibu na jiko wakacheka. Madam hakucheka. Alinionyesha mashine, kisha akanyoosha kidole kwa Okot bila kumtazama. "Huyu anauza petroli yangu, anaongeza maji. Saa sita nataka ametoka hapa. Wewe nieleze tu kama injini inapona au haiponi."

Okot alisimama. "Mimi hapana iba mafuta," akasema. Alisema mara moja tu, kwa kile Kiswahili cha kambi ambacho baba yangu alikuwa akikisema, akakaa tena.

Ningeweza kuanza na injini. Lakini pale kulikuwa na mtu amekaa juu ya godoro lake, na jambo lake lilikuwa rahisi kupima kuliko la mashine. Niliomba chupa ya kioo isiyo na rangi. Mpishi mmoja akaleta ya jamu, nikaipangusa ndani mpaka ikakauka. Nikamimina petroli kutoka chini kabisa ya tangi, halafu nyingine kutoka kwenye dumu la Okot stoo, nikaiweka chupa mezani juani. Nikawaambia wote wasogee. Maji na petroli havikai pamoja, vijana wangu. Maji ni mazito, yanashuka chini, na baada ya dakika chache utaona mstari wazi kama wa chai na mafuta ya samli. Tulisubiri. Hata wapishi waliacha visu. Madam aliinama akaitazama chupa upande huu, akaizunguka akaitazama upande ule.

"Sioni kitu," akasema.

"Kwa sababu hakuna kitu. Petroli hii ni safi na ni mpya, inanuka vizuri. Huyu mzee hakutia maji."

"Basi kwa nini haiwaki?"

Hapo alikuwa amenishika. Nilikuwa nimemtoa mtu kwenye shimo, lakini kama mashine isingewaka, Madam angepata sababu nyingine ya kumrudisha humo.

Nikaanza kazi. Plagi mpya, imelowa petroli: mafuta yanafika. Niliikausha, nikaichomeka kwenye waya wake, nikaigusisha na mwili wa injini, nikavuta kamba; cheche ya buluu, nzuri kabisa. Nikaziba tundu la plagi kwa kidole gumba nikavuta tena polepole. Upepo ulikisukuma kidole kwa nguvu, maana yake pistoni inabana sawasawa. Filta ya hewa safi. Ekzosti wazi, nyigu hakuna. Nikabaki na mashine yenye kila kitu na isiyotaka kuwaka. Nilihisi macho ya Madam mgongoni. Wingu nalo lilikuwa linapanda upande wa Naguru.

Nikarudisha plagi, nikavuta kamba kwa nguvu. Ile kamba ikaninyang'anya! Ilirudi ndani kwa kasi, ikanitoka vidoleni kama mbwa aliyekupokonya mfupa, na kabureta ikapiga chafya ya moshi. Vidole viliuma mpaka nikavitia mdomoni. Na nikiwa na vidole mdomoni hivyo hivyo, nilianza kutabasamu. Madam alidhani nimechanganyikiwa.

Sikilizeni vizuri hapa. Injini inataka hewa, inataka mafuta, inataka moto, hayo hata mwenye boda anayajua. Lakini moto lazima uje kwa wakati wake, pistoni ikiwa imefika juu. Ukija mapema, unaisukuma pistoni irudi ilikotoka, na kamba inarudi na vidole vyako. Na anayepanga wakati huo ni lile gurudumu zito lililo juu ya injini, lenye sumaku. Gurudumu hilo limefungwa kwenye mhimili mmoja na kisu cha chini, na kati ya gurudumu na mhimili kuna kabari ndogo ya madini laini, ndogo kuliko punje ya mahindi, ambayo mafundi tunaiita kii. Kisu kikigonga kitu kigumu kikasimama ghafla, gurudumu linataka kuendelea kuzunguka. Kii inakatika. Gurudumu linahama kidogo tu, na saa ya moto inaharibika. Ukipima cheche utaiona, ndiyo maana yule fundi wa Alhamisi alipotea.

"Afande," nikamwita Okot. "Kisu kiligonga nini Jumatano?"

Alitazama chini. "Hapana gonga kitu."

Nikachomoa waya wa plagi, na ninyi msije mkagusa kisu chochote kabla ya kuchomoa waya huo, kuna watu Kawempe wanahesabu mpaka nane kwa vidole vyao. Nikailaza mashine ubavu, kabureta ikiangalia juu ili oili isiingie. Ncha ya kisu ilikuwa imepinda, na pale ilipopinda palikuwa na jeraha jipya linalong'aa. Niliirudisha mashine chini kabla Madam hajasogea. Nikamwambia naomba maji ya kunawa, nikamwita Okot anionyeshe bomba, tukaenda nyuma ya tangi la maji.

"Mzee wangu, nimeona kisu."

Aligeuka kutazama kama kuna anayetusikia. Kisha akaniambia. Jumatano alikuwa anakata karibu na ua la bogenvilia, akasikia kishindo, mashine ikazima. Aliingiza mkono kwenye nyasi akakuta chuma kimesimama ardhini. Akakichomoa akakificha chumbani. Mwaka uliopita Madam alikuwa amemfukuza mpishi aliyevunja friji, siku hiyo hiyo, na akasema mbele yao wote kwamba mtu akiharibu kitu chake aondoke mwenyewe bila kusubiri kuambiwa.

"Mimi nina miaka sitini na mbili, mama," akasema. "Nani atanipa geti lingine?"

Nilifikiri. Ningeweza kuitengeneza na kusema imechoka tu, injini ni za zamani, Madam asingejua. Nilimweleza hivyo. Nikamwambia pia kwamba atabaki na kazi lakini neno la wizi litabaki pale jikoni, kila dumu likipungua watamtazama yeye.

Alinawa uso kwenye bomba. "Acha," akasema. "Nitasema mimi mwenyewe."

Akaenda chumbani akarudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Akakiweka mezani, karibu na ile chupa ya petroli. Kilikuwa kigingi cha chuma, kirefu kama mkono kutoka kiwiko mpaka kiganja, kichwa chake kimepakwa rangi nyekundu.

"Madam, mashine iligonga hii. Mimi nalificha. Kuiba, hapana. Kuficha, ndiyo."

Madam alikiokota. Akakigeuza. Nikaona uso wake unabadilika taratibu, kwa sababu pembeni ya ukumbi kulikuwa na lundo la vigingi vya namna ile ile, vyenye rangi nyekundu ile ile. Vilikuwa vya mahema yake mwenyewe. Watu wake wa mahema walikuwa wamesahau kimoja ardhini baada ya sherehe iliyopita.

"Kwa nini hukuniambia, Okot?"

"Wewe nalisema mutu akiharibu kitu, atoke."

Mpishi mmoja alikohoa. 

Nilipiga simu Kawempe kwa jirani yangu wa banda, Ssali, nikamwambia afungue kopo langu la kii, achague ya ukubwa nitakaomtajia, ampe boda aje nayo bila kusimama popote. Wakati boda anakuja nilifungua kifuniko cha juu, nikalegeza nati ya gurudumu, nikamwita Madam aangalie. Mfereji wa gurudumu na mfereji wa mhimili unatakiwa kutazamana kama milango miwili ya ukumbi mmoja. Ile ilikuwa imeachana, hata mtu asiyejua injini aliona. Nililitoa gurudumu, na ile kii ikaanguka kiganjani mwangu vipande viwili.

"Hiki kidogo hivi," akasema Madam, "ndicho kimesimamisha harusi?"

"Hicho kidogo ndicho kimeokoa injini, nnyabo. Kimekufa ili mhimili usipinde."

Nayajua hayo kwa aibu yangu mwenyewe. Zamani, Barasa akiwa amesafiri, nililetewa mashine yenye tatizo hili na sikuwa na kii. Nikakata msumari, nikausaga kwa tupa mpaka ukaingia vizuri, nikajiona mhandisi. Mashine iliwaka. Wiki iliyofuata iligonga jiwe, na kwa kuwa msumari haukubali kukatika, mhimili ndio ulipinda. Injini nzima ikawa chuma chakavu. Barasa aliporudi hakunigombeza. Alinipa ile injini, akaniambia niikalie kila siku wakati wa chakula cha mchana, iwe stuli yangu. Niliikalia mwaka mzima.

Boda alifika saa tano na nusu, jasho linamtoka. Nikaweka kii, nikarudisha gurudumu, nikakaza nati. Kisu kilichopinda sikukinyoosha kwa nyundo, msije mkafanya hivyo, kinaweza kuruka kikakutoa mguu. Stoo ya Madam ilikuwa na kipya bado kina grisi. Nilipokifunga nilizungusha mhimili taratibu huku nimetazama bolti ya katikati, kama inayumba. Haikuyumba hata kidogo. Nikashusha pumzi.

Nikamwita Okot. "Vuta wewe, Afande."

Alivua koti. Akaweka mguu mmoja mbele kama yuko gwaride, akavuta. Kimya. Madam akashika kichwa. Nikamwambia mafuta hayajafika, vuta tena. Akavuta. Ile mashine ikanguruma, ndege wakaruka kwenye ua, na wapishi wakapiga vigelegele na masufuria mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta. Mimi nilipiga vigelegele kuliko wote. Sijawahi kujizuia mashine ikiwaka, na ninyi msijizuie.

Madam alinifanyia ishara nizime. Nikazima. Akamsogelea Okot pale pale kwenye nyasi ndefu, mbele ya wapishi, mbele ya boda, na akapiga magoti yote mawili, namna Waganda wanavyosalimia wakubwa wao.

"Ssebo," akasema, yaani bwana, "nalikuita mwizi mbele ya hawa. Mbele ya hawa nasema nalikosa. Rudisha godoro lako ndani."

Okot hakujua afanye nini na mikono yake. Mwisho akabana visigino akapiga saluti. Kisha akavuta kamba mwenyewe, bila kuniuliza, na akaanza kukata.

Alikata mistari iliyonyooka kama kamba, kwenda na kurudi, hakutaka hata chai. Mvua ilianza saa kumi, akiwa amemaliza kona ya mwisho na kuisukuma mashine chini ya paa. Tulisimama barazani tukaitazama mvua inavyoosha zile nyasi.

Madam alinikatalia kuondoka bila kuahidi kwamba kesho yake nitakuja harusini, nije na gauni. Nilikwenda. Aliniketisha na Okot meza ya mbele, kati ya shangazi za bwana harusi, ambao walituuliza sisi ni upande gani. Okot akawaambia, "Sisi upande ya nyasi." Kisha muziki ukaanza. Bibi harusi alifika pale zulia linapoishia, akasimama, akazitazama nyasi. Akainama, akavua viatu vyake virefu, akampa mumewe avibebe, akaingia kwenye nyasi miguu mitupu akaanza kucheza. Wasimamizi wake wakavua. Shangazi wakavua. Okot akaanza kufungua kamba za mabuti yake, polepole, tundu moja baada ya jingine, na mimi viatu vyangu nikavirusha chini ya meza.